Saa Nne Kati ya Bahari na Kosta: Uchambuzi wa Kisa cha Mzamiaji Aliyeugua Barabarani

Kisa hiki kinahusu klabu ndogo ya wazamiaji ya Kampala, safari yake ya wiki moja katika pwani ya kusini ya Kenya, na mwanachama mmoja aliyetoka baharini salama salimini Ijumaa alasiri, kisha akaugua Jumamosi asubuhi akiwa amekaa ndani ya gari, zaidi ya kilomita 500 kutoka majini. Nakiandika nikiwa mtunza ratiba wa safari ile, yaani mtu ambaye daftari la mizamo lilikuwa mkononi mwake na ambaye sahihi yake iko chini ya mpango uliobadilishwa. Mgonjwa ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina; nitamwita fundi, kwa kuwa kazi yake ni umeme wa majumbani.

Msomaji wa Uganda anaweza kushangaa kwamba nchi isiyo na bahari ina klabu ya wazamiaji. Tuko kumi na mmoja: walimu, fundi wetu, wafanyabiashara wawili, mhasibu, na mzee mmoja aliyestaafu kutoka kikosi cha polisi cha majini ambaye sote humwita Afande. Lugha yetu ya klabu ni Kiswahili, kwa sababu kati yetu yumo Muacholi, Msoga, Mganda na Mlugbara, na Afande hakubali kutoa amri za majini kwa lugha nyingine yoyote. Tunajifunzia katika bwawa la kuogelea, kisha mara chache kwa mwaka tunazamia katika Ziwa Nyanza, upande wa visiwa vya Ssese, ambako mtu akinyoosha mkono mbele yake huona vidole vyake kwa shida, na ambako hofu kubwa ni kichocho. Ndiyo maana kila mwaka tunachanga fedha za kwenda pwani mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, joto likiwa kali na maji yakiwa maangavu, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Februari. Wakati wa kusi, ambapo bahari ya upande ule huchafuka, hatuendi.

Mpango wa awali ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kujisifu kwa sababu sikuuandika mimi. Tungeondoka Kampala Jumamosi kwa kosta ya kukodi, tuvuke mpaka Malaba, tulale Nakuru, na Jumapili usiku tufike Diani. Jumatatu ingekuwa siku ya mazoezi katika maji ya ndani ya mwamba. Jumanne hadi Alhamisi mizamo miwili kila siku. Ijumaa mzamo mmoja wa asubuhi, kisha kuosha vifaa na kuvianika. Safari ya kurudi ingeanza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tulale Nairobi, na Jumapili usiku kila mtu awe kwake. Kati ya mzamo wa mwisho na gurudumu kuanza kuzunguka, palikuwa na karibu saa ishirini.

Siku ya Jumatatu ilitufundisha jambo ambalo baadaye lilihusika kwa kiasi fulani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote ni kilo 100 anahitaji kuongeza karibu kilo mbili na nusu za risasi kiunoni ili ashuke kama alivyozoea. Fundi aliongeza kilo tano. Alizama kama nanga, akajaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili asiguse mchanga, akapaa, akaitoa, akazama tena. Nahodha wa mashua, ambaye alikuwa ametusikia tukisema “mtungi imejaa” akatusahihisha kwa upole kwamba “mtungi umejaa”, alimsahihisha fundi pia: alimpokonya vipande viwili vya risasi na kumwambia kwamba bahari haibembelezwi kwa uzito. Hata hivyo tabia ya kupanda na kushuka ilimbakia fundi wiki nzima, kama kumbukumbu ya kompyuta yake ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi kinachorekodi kina na muda, ilivyoonyesha baadaye.

Alhamisi kaskazi ilivuma kwa nguvu, mawimbi yakawa yanavunjika juu ya mwamba wa nje, na nahodha akakataa kutoka. Hapo ndipo ratiba ilipoanza kuharibika. Watu walikuwa wamelipia mizamo minane, na wengi wao wasingeiona bahari tena kwa mwaka mzima. Walipoomba mzamo mmoja kati ya miwili iliyopotea uhamishiwe Ijumaa mchana, sikuona sababu ya kukataa. Ijumaa asubuhi tuliteremka hadi mita 24 kwenye ukingo wa mwamba, tukamwona kasa aliyelala chini ya jiwe na mkunga, samaki mrefu kama nyoka, aliyetoa kichwa tu pangoni mwake. Mchana tukarudi kwa mita 19. Fundi alitoka majini saa kumi na dakika kumi alasiri. Alikuwa ametapika mara mbili mashuani kati ya mizamo hiyo miwili, na sikumwona akinywa maji.

Badiliko la pili lilikuja wakati wa chakula. Mwenye kosta alikuwa akitoza kwa siku, na dereva alikokotoa kwamba tukiondoka usiku huohuo tungepita kivuko cha Likoni bila foleni, tungeukwepa msongamano wa malori, na tungefika Kampala usiku wa kuamkia Jumapili, hivyo tungeokoa malipo ya siku moja na bei ya vitanda vya Nairobi. Jumapili ingebaki ya kupumzika. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na hakuna mkono uliobaki mezani. Saa mbili usiku kosta iliondoka Diani. Kati ya mzamo wa mwisho na gurudumu kuzunguka, palikuwa na saa nne kasoro dakika kumi.

Inafaa nieleze kwa nini saa hizo ni muhimu. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi huvuta naitrojeni, ambayo ni karibu asilimia 78 ya hewa yote, chini ya mgandamizo wa maji. Katika kina cha mita 10 baharini mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa ufukweni, na katika mita 20 mara tatu, na mwili humeza naitrojeni kwa kadiri hiyo. Akipanda taratibu, gesi hutoka kupitia mapafu bila kumdhuru. Mgandamizo ukishuka haraka kuliko mwili unavyoweza kuitoa, gesi hiyo hufanya mapovu katika damu na viungo, kama soda inavyofanya kifuniko kinapofunguliwa, na mapovu hayo ndiyo huleta maumivu na ganzi. John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uingereza aliyefanya majaribio kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua mwaka 1908, na kompyuta zote tunazovaa mkononi leo ni wajukuu wa majedwali yale. Jambo ambalo mzamiaji husahau ni kwamba kufika juu ya maji hakumalizi kazi hiyo. Gesi iliyobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi, na katika muda huo uso wa bahari ndio mahali ambapo mwili umezoeshwa kuwa. Akipanda tena, hata kama ni kwa gari, atakuwa anaendelea kupaa kutoka mzamo uleule.

Kwa ajili hiyo shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, linapendekeza kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na angalau saa 18 baada ya mizamo mingi au ya siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Mapendekezo hayo yanahusu mwinuko wa kati ya mita 610 na mita 2,438, kwa kuwa hewa ndani ya ndege ya abiria, hata inapokuwa mawinguni, hudumishwa kama ile ya mwinuko usiozidi huo. Sote tulizijua saa hizo 18. Kompyuta ya fundi ilikuwa ikionyesha alama ndogo ya ndege yenye mstari juu yake, pamoja na saa zilizobaki, na ninakumbuka vizuri kwamba mhasibu wetu aliiona wakati tukipakia mizigo akasema, “Bahati yetu sisi ni watu wa kosta.” Tulicheka, na mimi nilicheka pamoja nao.

Sasa tazama barabara. Diani iko usawa wa bahari. Voi iko chini kidogo ya mita 610. Mtito Andei imeshaipita alama hiyo, na sisi tulifika hapo karibu saa tisa usiku, yaani baada ya saa kumi na moja hivi tangu fundi atoke majini. Nairobi iko karibu mita 1,700, Limuru inapita 2,200, kisha barabara inashuka bondeni Naivasha na Nakuru na kuanza kupanda tena hadi Timboroa, ambako inafika takriban mita 2,700 kabla ya kuteremkia Eldoret na mpaka wetu. Mgandamizo wa hewa pale Timboroa ni chini ya robo tatu ya ule wa ufukweni. Kosta yetu, kwa maneno mengine, ilikuwa inakwenda juu kuliko ndege yoyote ya abiria inavyowapeleka watu wake, na kadi zetu zote za usalama zilizungumzia ndege.

Fundi alianza kulalamika bega la kushoto Mtito Andei, tuliposimama kunywa chai. Alisema ni mitungi aliyobeba, na hakuna aliyepinga, kwa kuwa kweli alibeba mitungi mingi kuliko wengine. Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maumivu yalikuwa yameingia kwenye kiwiko, naye akawa kimya kuliko kawaida yake. Yaliyotokea Limuru nayakumbuka kwa sababu ya pakiti ya krispu. Mwalimu mmoja alikuwa ameinunua Ukunda na kuitundika kwenye ndoano ya dirishani. Pale juu ilikuwa imevimba kama ngoma, kingo zake zikiwa zimekazana, na mtoto wa mhasibu, ambaye alikuja kama mtalii tu, aliigonga kwa kidole ili isikike. Fundi alikuwa kiti cha nyuma yake akijaribu kufungua chupa ya maji. Alikizungusha kifuniko, akakiacha, akakitazama, akakizungusha tena, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haoni kama anakishika.

Afande aligeuka. “Vidole vipi?”

“Vimekufa ganzi. Hivi viwili, na hiki kidogo.”

“Tangu lini?”

“Tangu tupande huku.”

Afande aliitazama pakiti ile, akamtazama dereva kwenye kioo, akauliza, “Mzee, mbele huku tunashuka au tunapanda?” Dereva alijibu kwamba tutashuka bonde, halafu tutapanda zaidi ya hapa, Timboroa ndiyo kilele. Afande akamwambia ageuze gari. Dereva hakubishana, alisema tu, “Kama ni juu ndiko kunamuumiza, basi tushuke.” Naliheshimu sana jibu hilo, kwa kuwa lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuzamia na lilikuwa sahihi zaidi ya lolote tulilolisema sisi usiku kucha.

Mtungi wa oksijeni tulikuwa nao, lakini ulikuwa chini kabisa ya mizigo, chini ya mavazi ya mpira yaliyokuwa bado yanachuruzika maji ya chumvi. Ufunguo wake, ambao hufungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi, haukuwepo. Afande aliufungua kwa spana ya dereva. Nilitazama saa: kutoka amri ya kusimama hadi fundi kuvaa kinyago zilipita dakika tisa, kwenye gari lililosimama kando ya barabara, mchana kweupe, bila mtu kuzimia. Oksijeni yenyewe ilitosha chini ya nusu saa. Ilitufikisha Nairobi, si zaidi.

Hospitalini tulifanya kosa lingine, na hili ni letu wala si la daktari. Alipouliza kilichotokea, sote tulianza na habari ya mitungi iliyobebwa, kwa hiyo aliandika msuli uliovutika na dawa ya maumivu. Habari ya mizamo ya siku kadhaa, ya saa nne, na ya ganzi iliyoanza mwinukoni ilikuja mwishoni kama nyongeza. Laiti tungeanza nayo, tusingepoteza karibu saa moja. Afande ndiye aliyepiga simu ya dharura ya bima ya wazamiaji, ambayo watatu tu kati yetu walikuwa nayo na fundi hakuwa mmoja wao, akampa daktari simu azungumze na mwenzake anayelijua tatizo hili. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri: oksijeni kamili kwa saa kadhaa, maji ya mshipani, kisha gari la wagonjwa kumrudisha Mombasa kwa barabara, likiwa linateremka sehemu kubwa ya njia, kwenye chumba cha mgandamizo. Humo mgonjwa hupelekwa kwenye mgandamizo sawa na wa kina cha mita 18 huku akipumua oksijeni, na utaratibu wa kawaida huchukua karibu saa tano. Fundi anasema maumivu ya kiwiko yalitoweka kabla hata ya kumaliza dakika kumi za kwanza. Ganzi ilihitaji kurudia siku ya pili.

Katika kikao cha tathmini tulichokifanya Kampala, maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalimhusu fundi mwenyewe. Alitapika na hakunywa maji. Alipanda na kushuka hovyo majini. Alibeba vitu vizito baada ya mzamo. Yote hayo ni kweli na yote huongeza hatari. Hata hivyo sikubali kwamba ndiyo chanzo, na nilisema hivyo kikaoni. Mtu mwenye kasoro hizohizo angelala Diani usiku ule na kuondoka asubuhi kama mpango wa awali ulivyotaka, angefika Mtito Andei baada ya saa ishirini na zaidi, angelala Nairobi, na Timboroa angeipita siku ya pili. Kuna uwezekano mkubwa kwamba tusingekuwa na kisa cha kuchambua. Upande wa pili ulijibu kwamba wengine tisa waliozamia, tukiwa kwenye kosta ileile, hatukuugua. Hoja hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu huko nyuma bahati imetuponya mara nyingi na kutufanya tuamini kwamba hakuna hatari tuliyoponywa nayo. Saa 18 hazikuwekwa kwa kuwa kila mtu huugua katika saa ya kumi na saba.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sisi, kuliko wazamiaji wengi, tulifundishwa habari za mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mzamo wowote unaofanyika juu ya mita 300 huhesabiwa kwa namna tofauti. Kila mwanachama wetu hufanyiwa mtihani wa hesabu hizo kabla ya kupelekwa Ssese. Tuliuelewa mwinuko kuwa tabia ya maji yetu, na hatukuwahi kuufikiria kuwa tabia ya barabara yetu. Upande mwingine alikuwepo dereva ambaye ameipita njia ile kwa miaka mingi na anaijua kwa masikio yake. Wakati wa kwenda, Jumamosi, alituambia tutafune kitu tunapokaribia Timboroa ili masikio yasizibe, na nilitafuna. Siku iliyofuata, karibu na Voi, chupa yangu ya maji niliyoifunga kule juu ilikuwa imebonyea pande zote mbili. Niliishika mkononi, nikaibonyeza ikalia, nikainywa. Elimu ya gesi ilikuwa viti vya nyuma na elimu ya mlima ilikuwa kwenye usukani, na katika kura ile ya Ijumaa hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote zaidi ya bei.

Kuhusu marekebisho sitakaa sana. Mtungi wa oksijeni sasa unasafiri chini ya kiti cha mbele na ufunguo wake umefungwa kwa waya, na tumepata mkubwa zaidi. Bima ya wazamiaji imekuwa sharti la kusafiri. Siku nzima ya mwisho ni ya nchi kavu: atakaye ataenda kutazama Fort Jesus, atakaye atalala. Mzamo unaopotea kwa sababu ya upepo umepotea, na nahodha ametuambia kwamba kwao wavuvi wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Dereva anakaa kwenye kikao cha maandalizi na ametuandikia, kwa mwandiko wake, orodha ya vituo vyote kutoka Likoni hadi Malaba na mahali ambapo masikio huziba. Afande aliongeza mita pembeni kwa kalamu nyekundu.

Fundi amerudi kazini. Daktari amemruhusu kuingia bwawani, ingawa bado hajamruhusu kwenda ziwani, na ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto haijarudi sawasawa, jambo ambalo kwa mtu wa nyaya za umeme si dogo. Hakulaumu yeyote kikaoni. Alichouliza ni kama malipo ya siku ya ziada ya kosta yameingizwa kwenye bajeti ya Januari ijayo. Mhasibu alijibu kwamba yameandikwa, lakini michango ya wanachama watano bado haijaingia.